Kivuko kimeondoka, app yangu inasema bado

Leo nimeachwa na kivuko cha Kamanga huku app niliyoitengeneza mwenyewe ikinionyesha zimebaki dakika kumi na moja.

Cheka kwanza, nakusubiri.

App yenyewe ina kazi moja tu: kuhesabu muda uliobaki kivuko kiondoke. Na leo mimi ndiye niliyekuwa mshenga! Tulikuwa tunavuka kwenda Sengerema kumposea mdogo wangu.

Wazee wakatangulia kupanda. Mimi nikabaki kwenye supu ya sato, simu mfukoni, roho kwatu.

Mama wa supu akaniambia, "Kaka, kivuko chenu kinapiga honi."

Nikamwonyesha simu. "Mama, bado dakika kumi na moja."

Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaendelea kuosha bakuli.

Mara baba mkubwa akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nakuja baba, muda bado."

"Muda gani? Mbona huku tunaona maji pande zote?"

Kosa ni langu. Niliiachia app ihesabu sekunde yenyewe, mojamoja. Kumbe ukizima kioo, simu inailaza. Ikiamka inaendelea pale ilipoishia, kama vile na kivuko nacho kilikuwa kimelala. Ilitakiwa iangalie saa ya simu tu, basi!

Mnaotengeneza app, nani mwingine yamemkuta? Msiniache peke yangu.

Wazee wameshapata mshenga mwingine humohumo kivukoni, mzee mmoja wa Misungwi. Hana simu, hana saa.

Alisikia honi, akapanda.