Swali Aliloulizwa Mama Huko Kibirizi

Mwaka wenyewe siujui kwa namba, shule niliiacha darasa la pili. Ni mwaka tuliokula ugali wa unga wa njano, ule wa msaada, ulionuka gunia na kukwaruza koo, kwa mchuzi wa dagaa waliovunjika ambao wachuuzi wa ufukweni Kibirizi hawakuwataka. Tulifika kwa mtumbwi kutoka Burundi, mama na mimi, baba hakuvuka. Kutwa tulianika dagaa wa watu mchangani, nywele zikanuka samaki hata tukioga ziwani, lakini tulishiba, na mama alianza tena kuimba.

Kisha likaja tangazo: mkimbizi mwenye ndugu hapa atabaki, asiye naye atapanda lori la kambini. Maofisa wakatukusanya ufukweni, kila mtu asimame ajieleze, halafu aulizwe. Mama yangu alijua kusema, nyie. Alieleza kwamba baba mkwe wake alizaliwa papa hapa, na shangazi za mumewe wamezikwa Rusimbi, hapo jirani tu, mpaka wavuvi wakaacha kushona nyavu wakamsikiliza. Kichwa kilinivimba.

Ndipo bwana mmoja wa ofisini, mgeni kutoka pwani, akauliza kwa upole, "Mama, huyo baba mkwe anaitwa nani?"

Kwetu mwanamke hatamki jina la mkwewe, hata nyumba ikiungua. Angeweza kusema hivyo tu, kwamba kwetu ni mwiko, aulizwe mwingine. Hakujua kuwa swali hurudishwa. Alisimama akichimba mchanga kwa kidole cha mguu.

"Hamjui mkwe wake," mchuuzi mmoja akadakia. "Dada, uliolewa na nani, na kasia?"

Watu wakacheka. Wanawake wa Kiha waliokuwapo, wenyeji wenye mwiko huohuo, walielewa vizuri sana, ila waliinamisha vichwa wakashughulika na ndoo zao. Mimi nikapayuka, "Babu anaitwa Bigirimana."

"Mtoto kakaririshwa huyo," mchuuzi akasema, na kicheko kikazidi. Mama akanifunika uso kwa kanga yake. Hadi leo sijui alikuwa akimficha nani kati yetu. Tukapanda lori. Kambini hakuimba.

Sasa nina wajukuu wanaosimama mikutanini. Wakiulizwa wanatabasamu, wanasema swali zuri, wanajibu jingine kabisa, na watu wanapiga makofi. Najivunia, tena sana. Lakini nikiona tu mkono umenyooshwa katikati ya watu, uso unaniwaka kama nimesimama tena mchangani pale, na dagaa wananuka.

Juzi mwalimu wa mjukuu wangu alikuja nyumbani Ujiji kuniomba nikawasimulie wanafunzi habari za miaka ile.

"Kusema nitasema. Kuulizwa sitaki," nikamwambia.

"Lakini Bibi, ni watoto tu. Watauliza vitu vidogo vidogo, labda jina, labda kijiji."

"Kusema nitasema. Kuulizwa sitaki."