Chewa wa Vasemaca

Watu wa kijiji cha Nakorowai walikuwa wakisema Vasemaca ameolewa na mwamba, naye hakubisha. Mume wa kweli alikwenda Suva kutafuta kazi bandarini akapotelea huko huko, mwamba ulibaki. Chifu wa zamani alipofariki, bahari ya mbele ya kijiji, mwamba ukiwemo, ilifungwa siku mia moja, kama desturi inavyotaka. Mti ulichomekwa majini kuwa alama ya marufuku na hakuna aliyetupa ndoana pale. Siku zilipotimia, Vasemaca alimwangukia chifu mpya asiung'oe. Chifu hakuwa mtu wa kupenda mabishano, akakubali. Ikapita miaka kumi na moja.

Miaka yote hiyo mama huyu alilinda. Waokotaji wa jongoo bahari aliwafukuza kwa matusi ambayo hayaandikiki, na Jumapili alikwenda kanisani kutubu. Kila asubuhi alivaa miwani yake ya kupigia mbizi, akashuka kuwaona samaki. Aliyempenda kuliko wote ni chewa mmoja mzito kama nguruwe wa harusi, aliyekuwa akitoka pangoni kumtazama.

Halafu akaja Gareth, mzungu wa New Zealand, kutengeneza filamu ya viumbe wa baharini. Vasemaca alimwonyesha kila shimo. Hakutaka malipo, alitaka tu filamu ionyeshwe kijijini kabla ya kokote kwingine. "Watu wetu wakiuona mwamba, wataupenda," alisema. Maskini, alikuwa na imani na watu.

Shuka jeupe lilitundikwa ukumbini. Pono walipopita makundi kwa makundi, rangi zikiwaka, ukumbi wote ulinyamaza, na Vasemaca akaanza kutokwa na machozi ya furaha. Ndipo Sakeasi, binamu yake na mtani wake, msemaji wa chifu, alipopaza sauti kutoka nyuma.

"Lo! Huyo mmoja tu anajaza sufuria!"

"Mtie tui zito na ndimu!" akadakia mwingine.

Chewa alipojitokeza, watu waliruka kama timu yao ya raga imefunga. "Kumbe mwaka mzima tunakula samaki wa kopo," mama mmoja akalalamika, "na kitoweo kimelala mlangoni!"

Gareth hakujua lugha yao. Alitabasamu, akamwinamia Vasemaca: "Umeona wanavyoipenda?"



Mwezi uliofuata kijiji kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kanisa, wageni mia tatu. Siku chache kabla, Sakeasi alifika kwa Vasemaca pamoja na wazee wawili, wakaketi mkekani.

"Leo umekuja kudoea nini, tumbo lisilo na haya?" Vasemaca alimtania kama kawaida.

Sakeasi hakucheka. Alitoa jino la nyangumi lenye kamba yake, akalishika kwa mikono miwili. Ombi linaloletwa kwa jino la nyangumi halikataliwi. Anayelikataa amewavua nguo waliolileta na ukoo wake mwenyewe.

"Binamu, chifu anaomba mwamba. Siku tatu tu, tuwalishe wageni. Halafu tunaufunga tena."

"Mkimaliza mtafunga nini, Sakeasi?"

"Usinifanyie hivyo. Mimi nimetumwa."

"Na nikisema sitaki?"

"Utasema mbele ya wazee hawa?"

Aliwatazama wazee. Walikuwa wameinamisha vichwa, wakisubiri. Hakuna mwanamke wa Nakorowai aliyewahi kuletewa jino na chifu. Heshima ya namna hiyo aliitamani tangu usichana wake. Alilipokea. Wazee wakapiga makofi ya pole pole, makofi ya shukrani.

"Kuna jingine," Sakeasi alisema, macho chini. "Utuonyeshe wanapojificha. Wewe ndiye unayejua."

Aliwaonyesha. Siku ya kwanza pono waliisha, nao hawakuhangaika hata kukimbia, maana mkuki hawakuwa wakiujua. Siku ya pili zikaletwa nyavu. Siku ya tatu Vasemaca alishuka na Sakeasi mpaka pangoni, akiomba moyoni chewa awe amehama. Hakuhama. Alimwona mama aliyemzoea, akatoka taratibu, akaja moja kwa moja kwake. Mkuki ukapita kando ya bega la Vasemaca.

Karamuni alipewa kichwa cha chewa, sehemu ya mtu anayeheshimiwa. Kilikuwa kimepikwa kwa tui, pamoja na majani ya magimbi. Watu waliacha kula wakamtazama, Sakeasi akiwa wa kwanza. Kukiacha lingekuwa tusi, kwa hiyo akala, shavu moja, kisha la pili. Chewa alikuwa mtamu ajabu. Hapo Vasemaca akaangua kilio, na mkono wake ukarudi tena kwenye sahani.