Sauti ya Kobe Nyumbani kwa Mama Albano

Televisheni ilipoanza kuingia Temeke, miaka ya tisini, wengi waliokuwa nayo walishusha pazia jioni ili watoto wa majirani wasichungulie. Filomena, fundi cherehani aliyetoka Newala, yeye alifungua mlango. Mwanawe Albano, baharia, ndiye aliyemletea ile televisheni ya chogo, na mtaa mzima ulimwita Mama Albano, kwa jina la mwanawe. Sharti lake lilikuwa moja tu: nawa miguu uani kabla ya kukanyaga mkeka.

Miongoni mwa watoto wa mkekani alikuwamo Naima, mwenye kigugumizi. Shuleni, aliposimama kusoma, darasa lilicheka kabla hajafungua kinywa. Nyumbani dada zake walimmalizia maneno, si kwa ubaya, ila kwa haraka zao. Mwishowe akawa mtoto wa kutikisa kichwa tu.

Katuni waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mbwa na kobe waliozunguka dunia na mkokoteni. Ilikuwa Kiingereza kitupu, tena cha mbio. Watoto walipouliza wanasemaje, Mama Albano, ambaye Kiingereza chake hakikuvuka salamu, aliacha cherehani akaanza kuwasemea. Mbwa akawa Mmakonde mwenye hasira za karibu. Kobe akawa mzee wa Kizaramo, anayebembeleza bei hadi muuzaji anasahau alikuwa anauza nini. Watoto walicheka mpaka wakaegemeana.

Kisha spika ikafa. Picha zilicheza kimya, na watoto wakaanza kuinuka kwenda zao. Mama Albano akawarudisha, akavuta kigoda karibu na kioo, akagawa sauti. Talha, jirani yao mwenye maneno mengi, akapewa mbwa.

"Kobe ni Naima," akasema.

Talha akaeleza kwa upole kwamba Naima hawezi kuongea. Mama Albano hakumgombeza.

"Umewahi kuona kobe anakimbia?" akamuuliza. "Kobe huongea kama anavyotembea. Naima mwanangu, sema ukiwa tayari. Sie tutakusubiri."

Naima alikaza macho kwenye kioo. Mkokoteni ulipozama kwenye tope, akafungua kinywa. "Nili... nili... niliwaambia tupite juu!" Neno lilikwama, na mkokoteni nao ulikuwa umekwama. Watoto wakaangua kicheko. Naima alivijua vicheko vya kila aina, na hiki kilikuwa cha kobe, si chake. Akasema tena. Akaongeza na la tatu ambalo hakuna aliyemwomba.

Fundi wa redio alipokuja kutengeneza spika, watoto walinuna. Mama Albano akamshukuru fundi, akamnywesha chai, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alizungusha kitufe cha sauti hadi chini kabisa, wakaendelea.

Kigugumizi hakikumtoka Naima, ila woga ulimtoka. Alisoma mbele ya darasa polepole, na waliotaka kucheka aliwasubiri wamalize. Leo ni mwalimu wa chekechea huko Ukonga.

Siku moja walimu wenzake walikuwa wakikumbushana katuni za utoto wao, na mmoja akaipata ile ya mkokoteni kwenye simu. Naima, ambaye sasa Kiingereza anakielewa, aliitazama yote. Jumamosi iliyofuata akafunga safari ya Temeke. Akamkuta Mama Albano kwenye cherehani yake, nywele nyeupe, anashona sare za shule.

Baada ya shikamoo akamweleza alichokiona: yule kobe hasemi neno hata moja, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mdomo wake ulikuwa unatafuna tu.

"Mie nililiona hilo mapema," Mama Albano akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Ndiyo maana nikakupa wewe. Talha ilibidi aukimbize mdomo wa mbwa. Wewe nilitaka usikimbizane na mtu."

Naima akaivuta karibu sare iliyokuwa juu ya meza, akachukua sindano, akaanza kushona vifungo. Walishona pamoja mpaka jua likazama, wakiulizana habari za wale wa mkekani, nani yuko wapi, na Mama Albano aliwakumbuka wote kwa majina.