Skrubu ya Kabureta na Posa ya Maneromango

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata darasani nacheka peke yangu. Ujana wangu maana yake likizo iliyopita. Lakini wewe uko kidato cha kwanza na mimi cha nne, kwa hiyo kwako mimi ni mzee. Shikamoo yako iko wapi? Marahaba, kaa.

Asubuhi hiyo, kijijini kwetu Janga, Mjomba Rajabu alikuwa ampeleke mshenga wake, Mzee Kondo, kumposea mchumba Maneromango. Pikipiki ikagoma. Kabureta ilikuwa imeziba kwa uchafu, na ili aisafishe ilibidi afungue kikombe chake cha chini, kinachoshikwa na skrubu. Skrubu hizo Mjomba alikuwa amezikaza jana yake kwa nguvu zote, petroli isije ikairukia kanzu ya mshenga mbele ya wakwe.

Moja ikakataa. Mjomba akachukua bisibisi ya nyota, ndogo kuliko tundu la kichwa cha skrubu, akazungusha kwa hasira. Krrr! Akarudia. Krrr! Nyota ya kichwani ikalika, pakabaki shimo la duara kama kitovu. Akaleta kisu cha mama, kikapinda. Akaitukana skrubu. Akamtukana na aliyeikaza, akasahau ni nani.

Mzee Kondo, kanzu imenyooka, alikuwa kwenye kigoda anatazama tu.

"Rajabu," akasema, "kule nitaulizwa tabia zako. Niseme nini? Kwamba umegombana na chuma, na chuma kimeshinda?"

"Mzee, hii skrubu ina roho mbaya!"

"Ukiifungua kwa adabu, twende. Ukiipigia kelele tena, narudi kwangu kulala."

Mjomba akaweka kisu chini. Akatia mafuta, akangoja. Akaweka kipande cha mpira wa tyubu juu ya kichwa cha skrubu, bisibisi kubwa juu yake, akakandamiza kwa uzito wote, akazungusha polepole. Bado. Nikadhani atalia. Badala yake akachukua msumeno wa chuma, akachanja mfereji kichwani mwa skrubu taratibu, akaingiza bisibisi bapa. Skrubu ikalia nyiii, ikageuka. Mjomba akaibusu! Akasafisha kabureta, akafunga kwa skrubu nyingine, safari hii kwa vidole vya upole.

Tukaenda mshikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja, vumbi la Kisarawe likatupaka poda bure. Ukweni, shangazi wa binti akauliza, "Kijana wenu ana subira?"

Mzee Kondo akatoa mfukoni ile skrubu iliyolika, aliyoiokota asubuhi, akaiweka mkekani na kusimulia vita vyake.

"Jana hakuwa nayo. Leo asubuhi ameipata, nimeshuhudia."

Shangazi akacheka mpaka mtandio ukadondoka. Posa ikapokelewa.

Kwa hiyo, mwanangu, bisibisi ijae tundu la skrubu. Kandamiza kabla hujazungusha. Ikiteleza mara ya kwanza acha, tia mafuta, kanywe chai. Na unapokaza, kumbuka kuna siku utafungua, tena huenda mshenga anakutazama. Mungu akujalie mkono mtulivu, skrubu zenye vichwa vizima, na wakwe wanaocheka. Haya, kaniletee maji. Mzee wako amechoka.