Aliyesimama Wima

Kazini nilikuwa polisi, na nyumbani pia nilikuwa polisi. Sijivunii, nasema tu ilivyokuwa. Tulikaa kota za polisi chini ya kilima cha Kibuli, chumba kimoja na pazia katikati, na kila asubuhi kabla ya shule niliwakagua wanangu wawili mlangoni kama nilivyokaguliwa mimi gwarideni: mguu sawa, mikono ubavuni, soksi juu, kucha zionekane. Kota nzima tulilea hivyo. Samaki mkunje angali mbichi, tulisema, na jirani ambaye hakuwakunja wake tulimsengenya.

Mvulana, wa miaka sita, hakukagulika. Alijikuna, alicheka, aligeuka kuangalia kuku. Dada yake wa miaka tisa alisimama wima mpaka nimalize, hata kope hazikumcheza. Huyu ana nidhamu, nilijisemea, tatizo lake ni kichwa kizito. Alikuwa amerudia darasa la tatu, na sasa mwalimu aliandika kwamba atalirudia tena: mvivu, daftari nusu tupu, sweta tatu zimepotea muhula mmoja. Mimi na mke wangu tukakata shauri. Msichana aende kaskazini kwa mama yangu, akalime na kupika, mambo ya shule yaishe. Tulimwambia Jumapili baada ya kanisa kwamba Ijumaa atapanda basi. Hakulia. Aliitikia "ndiyo, baba", akaenda kuosha vyombo, akaviacha nusu.

Jumatano nilimpeleka mvulana kwa daktari wa watoto, maana mwalimu wake alikuwa amechoka naye kabisa. Mke wangu alikuwa sokoni Nateete kwenye meza yake ya nguo, kwa hiyo dada mtu nilikwenda naye kwa kukosa pa kumwacha, maana shuleni tulikuwa tumeshamtoa. Daktari alikuwa mama wa Kikenya, mcheshi, na tulielewana kwa Kiswahili, kwa sababu Kiganda changu ni cha kuombea maji tu.

Mvulana alipanda kiti, akashuka, akauliza maswali hata sijui mangapi. Daktari akamtuma: chukua kadi hii umpe nesi, omba kalamu, ukirudi funga mlango. Akafanya yote matatu, mbio. Kisha daktari akamtuma dada yake vilevile. Tukangoja, tukangoja. Nilipochungulia, nilimwona amesimama koridoni na kadi mkononi, anamtazama mama mmoja aliyekuwa anamsuka mwanawe. Nikapandwa na hasira, na aibu pia.

"Umeona, daktari?" nilisema. "Huyu ndiye bure kabisa."

Daktari alianza kuniuliza. Huanza kazi akaiacha katikati? Kila siku, au mara mojamoja? Hupoteza vitu nyumbani na shuleni pia? Tangu lini? Ukimwita, husikia mara ya kwanza? Kuna kitu anachoweza kukaa nacho saa nzima? Nikasema kipo, hushona nguo za mwanasesere wa vitambaa mpaka chakula kinapoa. Nilijibu harakaharaka, na katikati ya kujibu nikaanza kusikia ninachosema.

"Afande," alisema, "wewe umezoea kumkamata anayekimbia. Huyu mdogo nitamwona tena, lakini kwa leo naona ni mtoto wa miaka sita anayetaka uwanja. Huyu mkubwa ndiye wa kuniletea."

Alieleza kwamba wako watoto ambao umakini hauwakai, na si lazima waruke juu ya meza. Wasichana hasa hupitwa, kwa kuwa hawamsumbui mtu. Si uvivu, si ujinga. Hakuwa na uhakika bado. Alitaka kwanza masikio na macho yapimwe, na mwalimu aandike anachokiona darasani. Nilimwuliza, kwa ubishi, mbona basi kila asubuhi anasimama kama mlingoti.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Nilimwuliza tulipokuwa tunatembea kurudi kota.

"Najiambia usitingishike, usitingishike. Nikifika shule nimechoka."

Miaka mitatu nilimkagua na kumsifu kwa jambo hilohilo. Roho iliniuma, nakwambia, na mimi si mtu wa kuumwa roho ovyo.

Nyumbani nilivuta mfuko wake chini ya kitanda. Alikuwa amejifungashia mwenyewe: gauni mbili, taulo, kiatu kimoja. Nikamwuliza mbona hakukataa tulipomwambia habari za safari.

"Nilifikiri kwa bibi hakuna vitu vya kusahau," alisema.

Nikakaa kitandani. Nikatoa nguo zake mfukoni mojamoja, nikamwambia haendi popote.