Pembe za Ndovu ndani ya Kiberiti

Enzi zetu kijijini Kanazi, maana ya neno hukuipata kwa kubonyeza simu. Ilikuja na chaki na fimbo. Nasema haya nikiwa na stashahada yangu ukutani na nyumba ya vigae pale mjini, mtaa wa Bakoba, niliyoijenga mwenyewe niliporudi kutoka Mwanza, bila mjomba wa kunishika mkono.

Vita na Uganda vilikuwa vimekwisha juzijuzi. Dukani ulimkuta mwenye duka na mizani yake, basi; sukari tuliisikia tu. Siku moja mwalimu wetu wa darasa la pili akatufundisha pembe za ndovu. Alisema ndovu ni tembo, yule tunayemwita enjojo nyumbani, na kwamba watu wa kale waliona kitu kimepinda na kuchongoka kama cha ng'ombe, wakakiita pembe, wakaridhika. Kumbe ni jino! Jino kabisa, lina mzizi kwenye taya, na watu wamevuka bahari kulifuata.

Mimi nilikuwa na meno yangu mawili yaliyong'oka. Na Mama alikuwa amejifungua, anakunywa uji usio na sukari huku amekunja uso kama anayemeza kwinini. Meno ya utoto yalitakiwa kurushwa juu ya paa ili mapya yaote. Sikuyarusha. Nikanunua na ya wenzangu kwa ndizi mbivu, hadi kiberiti kikajaa.

Sokoni nilimwendea mama muuza samaki kutoka visiwa vya Muleba, ambaye hakukosa sukari ya magendo chini ya kikapu.

"Shikamoo mama. Nimeleta pembe."

Akafungua kiberiti, akanichungulia mdomoni. "Waitu! Ndovu huyu amejing'oa mwenyewe?" Akawaita wenzake. "Njooni muone tembo asiye na mkonga!"

Wakacheka hadi mmoja akakalia samaki wake.

"Haya, tembo, unataka nini?"

"Sukari. Mama amezaa."

Kicheko kikakatika. Akachota sukari, akaifunga kwenye jani la mgomba, na wenzake wakaongeza kila mmoja alichonacho. Akanirudishia kiberiti. "Karushe haya kwenye paa, usije ukaoa ukiwa kibogoyo."

Jioni ile Mama alikunywa uji huku amefumba macho.

Wanangu leo wanaikataa sukari, eti inanenepesha. Mimi nikienda Kanazi naegesha gari langu karibu na meza za samaki. Wale akina mama, ukimwi uliwamaliza karibu wote. Wauzaji wa sasa wananipimia vizuri, wananiita bosi, na hakuna anayeuliza kama nyumbani hawajambo.