Majina Yaliyokaa Foleni

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa huku juu milimani Upareni, hakuna mzazi aliyehangaika kutafuta jina la mtoto. Majina yalikuwepo tayari, yamekaa foleni kama watu wanaosubiri sukari kwenye duka la kijiji. Mtoto wa kwanza wa kiume alichukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo: wa kwanza la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Wakizidi hapo zilifuata zamu za mashangazi na wajomba, nao hawakuwa haba. Ukizaa wawili ukaishia hapo, ujue kuna mzee umemfungia mlango yuko nje.

Mimi nilipewa jina la Namkunda, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja, juu kidogo ya Bombo. Kwa hiyo nikawa mama wa baba yangu. Baba zangu wadogo wakipita na majembe begani walinisimamisha njiani, "Shikamoo mama," nami na kamasi zangu puani nikaitikia, "Marahaba wanangu, mmeamkaje?" Hakuna aliyecheka. Baba hakunichapa hata siku moja. Alisema mtu hampigi mama yake, na kaka zangu, ambao walichapwa kwa makosa yao na ya kwangu pia, walininunia miaka mingi kwa jambo hilo.

Aliyefaidi zaidi jina langu ni mama. Hakuelewana sana na mkwewe, na kwa adabu za kwetu mke wa mwana hamjibu mama mkwe hata akinyimwa chumvi. Lakini adabu hizo hazikumkataza kumgombeza mtoto wake. Bibi akimuudhi asubuhi, mchana mtaa mzima ulisikia: "Namkunda! Mvivu mkubwa wewe! Kazi yako kula makande na kuota moto!" Wakati huo mimi niko uani nachambua maharage, jasho linanitoka. Bibi naye yuko jikoni kando ya mafiga, anachochea kuni taratibu, anajua vizuri kabisa anayesemwa ni nani. Nadhani hata alikuwa anatabasamu.

Hiyo ilikuwa miaka ya shida, wenzangu mnaikumbuka. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Chai tuliinywa huku tunatafuna muwa. Makande yalipikwa na chumvi tu, na siku yakipata kipande cha samaki mkavu aliyepandishwa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, hakuna mtoto aliyehitaji kuitwa mara mbili. Tulikuwa sita, tukilala mzungu wa nne, miguu ya kaka puani mwako, na baridi ile ya milimani hatukuisikia. Timu ya rede ilipatikana bila kutoka uani. Pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ikilia, watu waende kuzibua mfereji na kutoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, nyumba yetu ilitoa mikono mingi kiasi kwamba baba alijiona tajiri. Alikuwa na suruali mbili.

Katika hao sita, msichana nilikuwa mimi peke yangu, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Bibi Nakiete, mama yake mama, alikuwa akiishi ng'ambo ya bonde. Kila mama alipojifungua baada yangu, kesho yake bibi huyo alivuka bonde na kibuyu cha mtindi, akasimama mlangoni, na kabla hata ya salamu akauliza, "Nimekuja?" Maana yake: ni wa kike? Mkunga alijibu kutoka ndani, "Bado, mama. Hujaja." Bibi Nakiete alicheka, akaingia, akambeba mjukuu wake wa kiume na kumsifu miguu. Hivyo mara ya nne, hivyo mara ya tano, hivyo mara ya sita. Mimi nilimwona siku ile ya mara ya sita wakati anarudi kwake. Alikaa kwenye jiwe pale mtoni muda mrefu, na hakuwa anacheka.

Baadaye akaja nesi kufundisha uzazi wa mpango kwenye banda la kanisa. Baba alisikiliza nyuma ya dirisha, akaona sita wanatosha. Mama aliona hivyo tangu wa nne. Habari zikavuka bonde, Bibi Nakiete akaja bila kibuyu. Hakupiga kelele. Aliketi jikoni akamuuliza mama, "Mwanangu, nilikukosea nini?" Mama alilia mpaka chungu kikaungua. Mwaka uliofuata alizaliwa mdogo wangu wa kike, na bibi alipoambiwa kwamba amekuja, alimchukua yule mtoto akamkumbatia huku akiliita jina lake mwenyewe, Nakiete, Nakiete, kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea. Sijaona tena furaha ya namna ile.

Lakini mama hakuinuka. Alivuja damu nyingi, akabaki kitandani miezi na miezi. Nikatolewa darasa la sita ili nilee. Mtoto mgongoni, kuni kichwani, na upepo ukivuma kutoka upande wa shule nilisikia wenzangu wanaimba mafumbo ya hesabu ninayoyajua majibu yake. Mama alipopata nafuu, mwaka uliofuata, nilirudi nikakaa dawati moja na watoto niliowafundisha kudaka mpira wa rede. Mdogo wangu nilimpenda, nampenda mpaka leo. Ila niliapa, nikiwa na kanga yenye mikojo mgongoni, kwamba mimi sitazaa kwa ajili ya foleni ya mtu.

Na kweli kiapo nilikishika. Ulipofika wakati wa ruksa, biashara zikafunguliwa, Hedaru kule chini barabarani ikajaa mitumba na sabuni zenye harufu, malori na vijana wanaosubiri lifti ya kwenda Dar es Salaam. Mimi niliishia Same mjini, nikawa mwalimu, nikaolewa na Mpare mwenzangu. Tukapata wasichana wawili. Wa kwanza akachukua jina la mama mkwe, wa pili la mama yangu. Wazee wote wa kike wamepata, nikafunga kiwanda. Nilijisifu sana kwa hesabu ile. Mtu mmoja tu nilimsahau, naye ni mimi mwenyewe, kwa sababu zamu yangu ilikuwa itoke kwa hao hao wawili.

Sasa wanangu ni watu wazima wa Dar es Salaam. Mdogo hataki mtoto. Ana paka, na paka huyo ana daktari, ana shampuu, na analala kwenye godoro ambalo sisi sita tungelipigania. Mkubwa ameolewa na kijana mzuri wa Mwanza, na kupata mtoto walikupanga kama watu wa serikali wanavyopanga daraja: vikao, ratiba, kuahirisha. Hatimaye mimba ikaingia. Wakafanya sherehe ya kukata keki ili waone rangi ya ndani, waridi au bluu. Mkunga wetu angewapasulia habari hiyo bure. Ikatoka waridi. Nilipiga kigelegele kwenye simu, ingawa kwa utaratibu mtoto wa kwanza wa kike ni zamu ya mama mkwe wake, na mimi nilijipanga kusubiri wa pili.

Wakamwita Kaila. Nikauliza maana yake. "Mama, haina maana, ni zuri tu." Nikampigia yule mama wa Mwanza kumpa pole, kwa kuwa naye karukwa. Tulisikitika wote wawili, halafu tukacheka mpaka salio likaisha. Nikajipa moyo, nikamwambia binti yangu kwamba wa pili tutaongea. Akasema, "Mama, huyu ni mmoja tu. Nimemaliza." Nikaanza kufoka, habari za ukoo, habari za kesho ya taifa hili, nani atazibua mifereji. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa upole, "Lakini Mama, si wewe uliyetusimulia habari za darasa la sita?"

Wenzangu tukikutana harusini tunawacheka hawa vijana, mtoto mmoja na vyumba vinne, na wana haki ya kutucheka sisi pia, maana mlango wanaoufunga ni sisi tuliouegesha. Sitaki mama mwingine yeyote alazwe miezi kitandani kwa sababu ya jina la mzee. Ila nikisema hainiumi, nitakuwa mwongo.

Desemba walikuja, nikampeleka Kaila kijijini, ana miaka minne. Enzi zetu mwezi kama huo ungekuta uwanja umejaa watoto mpaka kuku wanakimbilia juu ya paa, na mama mmoja akiita jina moja, wangetoka wasichana watatu na mabibi wawili. Safari hii kulikuwa na ukungu, migomba, na nyumba zilizojengwa vizuri, zenye makufuli. Ndiva imeota majani. Vijana wa kukodi hutoka bondeni kuisafisha. Kaila alikuwa akicheza peke yake nyuma ya nyumba, anauongelesha mgomba. Sijui nilipatwa na nini. Labda ni kule kukosa sauti za watoto. Nikasimama katikati ya uwanja, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Namkundaaa!"

Kaila akaja mbio. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mpaka nyuma yangu.

"Bibi, unamwita nani?"

Sikuona sababu ya kumdanganya mtoto. "Najiita mwenyewe," nikamwambia.

Akaweka mikono kiunoni.

"Sasa mbona huitiki?"

Nikaitika, "Abee."